Pikapu inakula oili lita moja kila safari mbili za Mombasa: tuitafute inakopotelea kabla sijafungua injini

#1 Mchuuzi wa Ngomeni (mwenye uzi)

Assalam alaykum na habari zenu wote. Niko Malindi. Kazi yangu ni kuchukua samaki Ngomeni na, msimu ukifika, maembe ya Marafa, nipeleke Mombasa. Pikapu ni ya dizeli, lita 2.5, ina turbo (feni inayosukumia injini hewa), pampu ya dizeli ni ya zamani isiyo ya kompyuta. Mileji imefika 287,000. Kampuni siitaji, maana tukianza na majina ya makampuni tutaishia kwenye ushabiki na ugonjwa hatutaujua.

Inakula oili. Nikienda Mombasa na kurudi mara mbili, lita moja imekwenda. Juzi nilikuwa natoka Gongoni na samaki na barafu nyuma, nimevuka daraja la Sabaki nakaribia mjini, taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Nikasimama pembeni, nikazima injini, nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Kavu. Ncha tu ndiyo ilikuwa na unyevu. Nilitia lita moja na nusu ndipo ikafika alama ya chini.

Fundi wangu amesema ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande juu ya pistoni, zimekwisha, tufungue injini. Ameniandikia shilingi 95,000, na akasema huenda zikazidi tukikuta silinda zimeliwa. Pesa hizo ndizo za ada ya watoto wawili. Na kinachonitia wasiwasi ni kwamba mwezi wa nne fundi mwengine aliniambia kwa uhakika uleule kuwa ni turbo. Nikanunua turbo ya mtumba, ikafungwa, na oili ikaendelea kupungua vilevile. Baadaye nikahamia oili nzito ya 20W-50, nikatia na dawa ya chupa. Moshi ulipungua wiki mbili, ukarudi.

Sitaki kufungua injini kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

#2 Fundi Mstaafu, Maweni

Pole mwanangu. Nimeshika spana miaka 34, na swali lako ni zuri kuliko majibu uliyopewa.

Kwanza hilo la taa. Taa ile si ya kipimo cha oili, ni ya presha. Ikiwaka maana yake pampu imeshaanza kumeza hewa na vyuma vya krenki, ile shafti kuu ya injini, vinasuguana bila utando. Ukiiona tena, zima injini palepale, hata kama samaki wanaoza. Samaki utanunua wengine kesho.

La pili, watu husema injini inakula oili kana kwamba ina tumbo. Oili huwa imetoka, na imetoka kwa njia. Njia zenyewe si nyingi. Inavuja nje kwenye sili za krenki, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), sampu (karai la oili chini ya injini), mguu wa filta. Inapanda kutoka chini ikipita ringi ikaungua. Inashuka kutoka juu kwenye valvu, sili zake zikiwa zimekauka, ikaungua pia. Inapita kwenye turbo ikaingia kwenye hewa au kwenye ekzosi. Inasukumwa kwenye mpira wa kupumulia. Au inaingia kwenye maji ya rejeta. Kila njia ina alama yake. Fundi aliyekuambia ringi huenda yuko sawa, lakini alionaje?

Nijibu haya: moshi wa buluu unatoka saa ngapi? Asubuhi ukiwasha tu, au ukipanda mlima na mzigo, au ukiachia mafuta kisha ukakanyaga tena? Na kwenye tangi la maji la pembeni kuna utando wa mafuta?

#3 Dereva wa Garsen

Kaka, mimi ningeanza na vumbi. Barabara ya Marafa, ile ardhi nyekundu, vumbi lake jembamba kama unga wa sembe. Eya klina, yaani filta ya hewa, ikifungwa vibaya au mpira wake ukipasuka, injini inavuta mchanga. Mchanga huo unasaga ringi na silinda kama msasa. Nimeona gari lililoovaholiwa likachoka tena kabla ya mwaka kwa ufa wa mpira mmoja ambao hakuna aliyeutazama. Chomoa bomba la hewa baada ya filta, pitisha kidole ndani. Kikitoka na wekundu, jibu umelipata.

#4 Mchuuzi wa Ngomeni

Shikamoo mzee, nashukuru. Moshi: asubuhi kunatoka wingu dogo la buluu kisha linaisha. Nikipakia na kupanda, unatoka tena, mwepesi lakini hauachi. Nikishuka bila mzigo siuoni. Maji ya rejeta ni safi, nimetia karatasi nyeupe ikatoka bila mafuta.

Kaka wa Garsen, nimefanya ulivyosema. Nimepitisha kidole na kitambaa cheupe kwenye bomba baada ya filta, mpaka mdomo wa turbo. Kimetoka na unyevu mweusi wa oili, mwekundu hakuna. Kabla ya filta kuna vumbi tele, baada yake hakuna. Mipira nimeikunja yote nikitafuta nyufa, mizima.

#5 Mama wa Spea

Nasimama nyuma ya kaunta kila siku kwa hivyo nitasema la oili yenyewe. Tangu lini unatia 20W-50? Nambari ya pili ni uzito wake injini ikiwa moto. Dizeli nyingi za umri huo hutaka 15W-40, na nyuma ya kidumu utafute maandishi ya CH-4 au CI-4, ndizo za dizeli. Oili nyingi za 20W-50 zinazouzwa kwa rejareja zimetengenezwa kwa petroli, haziwezi kubeba masizi ya dizeli. Masizi yasipobebwa yanaganda, na yanapoganda zaidi ni kwenye mifereji ya ringi.

Pili, usinunue oili ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Nunua kidumu chenye sili, chenye alama ya KEBS, kwa mtu atakayekupa risiti. Ya mapipa haijulikani ilipotoka, na nyingine imeshatumika ikachujwa.

Dawa za chupa nauza, sikatai. Zinanenepesha oili, moshi unapungua, mteja anafurahi. Kilichochakaa kinabaki kimechakaa.

#6 Fundi Mstaafu, Maweni

Dada amesema kweli tupu.

Mchuuzi, alama zako zimechanganyika. Wingu la asubuhi linalokwisha huwa ni sili za valvu: usiku oili inadondoka kidogokidogo juu ya pistoni, ukiwasha inaungua. Moshi wa mzigo usioacha huelekea ringi, au turbo. Kwa hivyo usimhukumu mtu bado. Unyevu mweusi kabla ya turbo ni jambo nataka tulirudie, maana oili hiyo haikutoka kwenye turbo. Imetoka wapi basi?

Lakini kabla ya hapo nataka nambari. "Inakula sana" si kipimo. Mwaga oili yote, weka filta mpya na 15W-40 CI-4. Egesha mahali tambarare kabisa, si pale kando ya barabara palipoinama. Injini iwe moto, izime dakika 10, chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Jaza mpaka alama ya juu kamili. Andika mileji. Kisha tembea kazi zako, na kila asubuhi pima palepale kwa namna ileile. Unapoongeza, ongeza kwa chupa yenye alama za mililita, andika.

Watengenezaji wengi huandika kwamba mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000 wanakubali. Mimi naona hiyo ni ya kujilinda wao. Injini nzima ya aina yako ikizidi nusu lita kwa kilomita 1,000, mimi huanza kuitafuta.

Na usiku tandika katoni jeupe chini ya injini. Hesabu matone. Matone 20 ni mililita moja hivi, kwa hivyo matone kumi ya usiku hayawezi kueleza lita. Ila kumbuka sili nyingine huvuja gari likitembea tu, basi tazama pia kama chasi nyuma ya injini imelowa na kushika vumbi.

#7 Mchuuzi wa Ngomeni

Nimerudi baada ya siku 12. Nilinunua chupa ya maziwa ya mtoto, ina alama za kila mililita 10.

Kilomita 620. Nimeongeza mililita 1,180. Hiyo ni kama lita 1.9 kwa kila kilomita 1,000.

Katoni: matone sita upande wa mbele, chini ya puli ya krenki. Nyuma kavu. Chasi kavu. Kwa hivyo lita inayopotea haipotelei chini, inaungua.

Nimelala na daftari hili kama mwanafunzi. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne najua ninachozungumza.

#8 Fundi wa Mashua, Lamu

Mimi si wa magari, ni wa injini za dizeli za mashua hapa Lamu, lakini dizeli ni dizeli. Mzee wa Maweni ameuliza oili iliyo kabla ya turbo imetoka wapi. Nadhani najua.

Ringi hata zikiwa mpya hupitisha moshi kidogo kwenda chini kwenye sampu. Moshi huo lazima utoke, ndiyo maana kuna mpira wa kupumulia kutoka tapeti kava kwenda kwenye bomba la hewa. Ndani ya kava huwa kuna bati la kuzuia matone yasiondoke na moshi. Bati hilo likijaa tope, au mpira ukinywea kwa ndani, presha inapanda kwenye sampu na oili inatafuta pa kutokea. Inasukuma sili. Inapanda kwenye ringi. Na sikiliza hili: oili ya turbo hurudi kwenye sampu kwa kushuka yenyewe tu, hakuna pampu inayoivuta. Sampu ikiwa na presha, oili haishuki, inarudi nyuma ndani ya turbo na kupenya kwenye sili zake. Utafunga turbo tatu, zote zitavuja.

Jaribu hivi: injini ikiwa moto inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kutilia oili, kiache juu ya tundu bila kukikaza. Kikitetema kidogo ni kawaida. Kikiruka au kupuliza kama birika linalochemka, kuna presha.

Na onyo, ndugu zangu. Oili ikiwa nyingi kwenye bomba la hewa, injini ya dizeli inaweza kuila yenyewe na kupaa resi bila kukanyagwa. Ukizima swichi haizimi, kwa sababu haiungui tena dizeli ya tangi. Ikitokea gari limesimama na gia ya kwenda kwa mkono, kanyaga breki kwa nguvu, tia gia ya juu kabisa, achia klachi injini ife. Au ziba mdomo wa hewa kwa ubao. Mkono usitie. Nimeona mtu akisimama kuitazama mpaka ikapasuka.

#9 Mchuuzi wa Ngomeni

Nimefungua leo baada ya alasiri, na naandika mikono bado ina weusi.

Kifuniko kiliruka. Hakikutetema, kiliruka kikaangukia betri.

Nikachomoa mpira wa kupumulia. Kwa nje mzima, hata unang'aa. Nikaukata kwa kisu kwa urefu. Ndani tabaka la mpira limevimba na kujitenga, tundu limebaki dogo, kalamu ya biki haipiti. Tukafungua tapeti kava. Lile bati alilosema fundi wa Lamu limejaa tope jeusi, zito kama lami, lenye chembe ngumu kama changarawe. Tumeliloweka kwenye dizeli, tukasugua kwa mswaki, tukamwaga, tukaloweka tena, mara nne ndipo dizeli ya mwisho ikatoka ikiangaza. Mpira mpya nimeununua, wa aina isiyodhurika na oili, si ule wa maji.

Kifuniko sasa kinatetema tu. Naanza kupima upya.

#10 Mchuuzi wa Ngomeni

Kilomita 800, nimeongeza mililita 1,040. Lita 1.3 kwa kila kilomita 1,000. Imeshuka kutoka 1.9, na bomba kabla ya turbo limekauka. Alhamdulillahi. Lakini 1.3 bado ni nyingi, na moshi wa mzigo bado upo.

#11 Kijana wa Watamu

Ami, kwa nini usinunue tu injini ya eksi-Japani, ya mtumba? Unafunga kwa siku mbili, unarudi barabarani. Hizi safari za daftari zinakupotezea wakati.

#12 Fundi Mstaafu, Maweni

Kijana, sikupingi moja kwa moja, wako waliopata injini nzuri. Lakini injini ile umeikuta chini, imefungwa nailoni, hujaisikia ikinguruma na mzigo. Unanunua historia ya mtu mwengine usiyoijua. Hii ya kwake anaijua.

Mchuuzi, sasa tupime kompresheni, yaani kila silinda inabana hewa kwa nguvu gani. Tafuta geji ya dizeli, ile ya petroli itapasuka. Betri iwe imejaa, injini iwe moto. Chomoa plagi za kupashia moto zote nne, geji iingie kwenye matundu hayo. Chomoa waya wa kukata dizeli kwenye pampu isitie mafuta. Zungusha kwa stata mpaka sindano isimame, andika kila silinda.

Ikiwepo moja ya chini, tia kijiko cha chai cha oili ndani yake, kimoja tu, upime tena. Nafasi juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, ukimimina nyingi itajaa na kupinda koni, ule mkono wa pistoni. Ikipanda sana, hewa inapita kwenye ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi, kichwa cha injini. Kwa dizeli jaribio la oili hudanganya kidogo, kwa sababu oili yenyewe inapunguza nafasi, kwa hivyo jaribu na silinda nzima upate cha kulinganisha.

#13 Mchuuzi wa Ngomeni

Silinda ya 1: psi 410
Silinda ya 2: psi 405
Silinda ya 3: psi 320
Silinda ya 4: psi 400

Kwa kijiko cha oili, ya 3 ilipanda mpaka 385. Ya 2 kwa kulinganisha ilipanda mpaka 420.

#14 Dereva wa Garsen

Moja tu! Nilikuwa nasema vumbi, lakini vumbi lingesaga zote nne. Nimekubali. Kuna jambo limeiuma hiyo ya tatu peke yake.

#15 Fundi Mstaafu, Maweni

Kaka wa Garsen amefikiri sawasawa. Hewa chafu ni ya silinda zote. Oili mbaya ni ya zote. Kitu cha silinda moja ni nini? Nozeli, ile inayonyunyiza dizeli ndani ya silinda.

Nozeli ikitiririka badala ya kunyunyiza, dizeli mbichi inaosha ukuta wa silinda, utando wa oili unaondoka, ringi zinasuguana kavu. Ile isiyoungua vizuri inakuwa masizi, masizi yanaingia kwenye mifereji ya ringi, yanaganda, ringi inanata haitanuki tena. Ringi ya oili ikinata, haikwangui, inaacha oili ipande.

Usifungue bado. Chomoa nozeli zote upeleke zikapimwe kwenye ile pampu ya mkono yenye geji. Halafu loweka pistoni: pistoni zote ziwe katikati ya njia, tia dawa ya kulainisha masizi kwenye matundu ya nozeli, acha usiku mbili. Kabla ya kuwasha, zungusha injini kwa stata matundu yakiwa wazi ili iliyobaki itoke, la sivyo utavunja kitu. Kisha mwaga oili, maana imechanganyika.

#16 Mchuuzi wa Ngomeni

Nilisimama karibu na yule wa nozeli, aliniruhusu kutazama. Ya kwanza, akivuta mkono wa pampu, inatoa ukungu wenye sauti, krrr, ukikatika unakatika. Ya pili na ya nne hivyohivyo. Ya tatu ilitoa mshipa mmoja kama wa kibuyu cha kutawadhia, na hata alipoachia mkono, tone lilibaki limening'inia kwenye ncha, likaanguka, likaja jengine. Akaniambia, "Hii imekuwa ikinywesha injini yako usiku na mchana."

Nilikumbuka kwamba asubuhi injini ilikuwa na mgongano fulani kwa dakika moja kisha inatulia. Nilikuwa nadhani ni uzee.

Tumeloweka usiku mbili, tumefunga ncha mpya kwenye nozeli ya tatu, nyingine zimerekebishwa presha. Kompresheni ya silinda ya 3 sasa ni 345. Oili: kilomita 500, mililita 480. Bado karibu lita moja kwa 1,000.

#17 Fundi wa Mashua, Lamu

Imesogea lakini imegoma. Sasa kufungua kuna sababu. Mwambie fundi wako apime, si kubadilisha kwa macho. Na aanze na hedi na sampu, pistoni zitoke kwa juu, krenki ibaki ndani kama biaringi zake ni nzima.

#18 Mchuuzi wa Ngomeni

Tumefungua. Fundi ni yuleyule wa mwanzo; nilimwonyesha daftari, akakaa kwenye tairi akasoma kurasa zote kimya, kisha akasema, "Sawa, tufanye hivi." Sina kinyongo naye.

Pistoni ya 1, 2 na 4: ringi zinacheza kwenye mifereji, nyeusi kidogo. Ya 3 nilishika kwa mkono wangu mwenyewe. Ringi ya pili imezama, haitoki, imekuwa kitu kimoja na pistoni. Ringi ya oili, ile yenye spiringi ndani, matundu yake ya kurudishia oili yameziba yote isipokuwa mawili. Fundi alitumia kipande cha ringi ya zamani kilichovunjwa kukwangua, masizi yakatoka vipande vipande, magumu kama makaa.

Kisha vipimo. Silinda ilipimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Ya 3 imeliwa milimita 0.06 juu, nyingine 0.03 mpaka 0.04. Kitabu cha injini hii kinaruhusu. Kwa hivyo riboo (kuchonga silinda upya) haihitajiki, wala pistoni za ovasaizi, kubwa kuliko za mwanzo, wala slivu mpya, yaani kuta mpya za silinda. Hapo ndipo nusu ya zile 95,000 iliponirudia mfukoni.

Tuliingiza ringi mpya moja moja ndani ya silinda, tukaisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, tukapima mdomo, yaani pengo la ncha zake, kwa fila, vile vibati vya kupimia: milimita 0.35 zote, isipokuwa ya silinda ya 3 iliyokuwa 0.40. Ringi kuukuu ya silinda ya 3 ilipima 0.90.

Kuta zimeparuzwa kwa mawe mpaka zikapata mistari inayokatana kama matundu ya jarife. Fundi akaziosha kwa maji moto na sabuni, si kwa petroli, akafuta kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nilimuuliza kwa nini sabuni, akasema petroli huondoa mafuta ikaacha unga wa mawe kwenye mistari. Hedi ikiwa nje, tumebadilisha sili za valvu zote nane. Sili ya mbele ya krenki pia, ile ya matone sita.

#19 Mama wa Spea

Ringi mmezifunga ile herufi iliyochorwa juu yake ikitazama juu? Nauliza kwa sababu wateja wawili wamenirudia mwaka huu wakisema ringi zangu ni mbovu, na zote zilifungwa chini juu.

#20 Mchuuzi wa Ngomeni

Juu, dada. Nilizitazama moja moja kabla ya pistoni kuingia. Na midomo imeachanishwa, hakuna miwili iliyokaa mstari mmoja.

#21 Fundi Mstaafu, Maweni

Sasa usiiharibu kwa upole. Watu wakimaliza ovaholi huiacha injini ingurume mahali pamoja saa nzima, eti izoee. Ringi zinahitaji presha ya kazi ili zikae kwenye ukuta. Ukiiacha bila kazi kuta zinang'aa kama kioo na oili itapanda maisha yake yote. Ikishapata moto, ondoka. Nusu mzigo, kwa kilomita 500. Badilisha mwendo, panda na shuka, usikanyage mpaka mwisho, usiende kasi moja kutoka hapa mpaka Kilifi. Kilomita 1,000, mwaga oili na filta. Na upime tangu siku ya kwanza.

#22 Mchuuzi wa Ngomeni

Wazee na ndugu, nimekuja na nambari.

Kilomita 1,000 za kwanza: mililita 420. Niliingia hofu, mzee akaniambia kwa simu ni ringi zinajikalisha, nisubiri.
Kilomita 1,000 za pili: mililita 210.
Kilomita 1,000 za tatu, na mzigo kamili wa maembe: mililita 140.

Kompresheni: 420, 415, 415, 420. Moshi wa asubuhi umekwisha. Jana nimepanda kutoka Sabaki na tani moja ya maembe, mwanangu amekaa nyuma juu ya makreti akitazama ekzosi kwa ajili yangu. Aligonga paa mara moja kuniambia hakuna kitu.

Ile turbo ya zamani nimeitoa stoo tukaipima: shafti haichezi, ilikuwa nzima siku ile ilipofunguliwa. Nimeirudisha kwenye gari, ya mtumba nimeiuza.

Gharama zote, pamoja na nozeli, ringi, gasketi, sili, kazi ya mashine na fundi: 51,300. Risiti nimezibandika kwenye daftari, karatasi moja na mililita zake.

#23 Dereva wa Garsen

Kaka, ile geji ya dizeli uliipata wapi? Yangu imeanza wingu la asubuhi.

#24 Mchuuzi wa Ngomeni

Nilikodi ya fundi wa nozeli, ila sasa nimenunua yangu. Jumamosi napita Garsen naenda Minjila. Nitakuja nayo. Wewe leo jaza mpaka alama ya juu, andika mileji, na utafute chupa ya maziwa ya mtoto.